Glasi ya Amreen

Thorncliffe Park, Toronto
4 Mei 2025

Dada Rukhsana mpenzi,

Ya Ali Madad. Natumai barua hii itakukuta umekaa barazani kwako Tabora, goti limepoa na sukari imeshuka. Na ile miwani mipya, umeshaizoea au bado unaivaa kichwani kama taji? Sisi huku hatujambo. Theluji imekwisha, ingawa binti yangu Inara haamini na makoti bado yananing'inia mlangoni. Mume wake, Navroz, anakusalimu sana. Mimi mifupa inanung'unika asubuhi na kunyamaza mchana, kama wafanyakazi wengine wote.

Nimeamua kukuandikia badala ya kukupigia, na sababu ni moja. Kwenye simu wewe hunishinda. Nikianza sentensi unaimalizia, na ukishaimalizia inakuwa yako. Karatasi haikatizwi. Tena ukiisoma hutaweza kusema kwamba mtandao ulikuwa mbaya. Nampa Minaz, jirani yetu wa ghorofa ya chini, ambaye anakuja Dar wiki ijayo. Yeye ataituma kwako.

Najua umekasirika. Hii ni wiki ya tatu simu yako ya asubuhi haipokewi, na umemwambia Inara unashuku mimi ndiye ninayeizima. Ni kweli. Ninaizima kwa mkono wangu mwenyewe, na nitaendelea kuizima mpaka tuelewane juu ya jambo moja: Amreen hatakunywa tena yale maziwa. Hatakunywa glasi nzima wala nusu, hata ukitia asali, hata ukitia zafarani. Umesema ukija Julai utamnywesha wewe mwenyewe, na kwamba hapo tutaona nani mkubwa. Mkubwa ni wewe, sibishani. Lakini mjukuu huyu hutamnywesha, na nimeona nikuambie kabla hujafunga sanduku.

Nianzie mwanzo, usije ukanihukumu kwa nusu ya habari.

Unakumbuka Septemba iliyopita Inara alikutumia picha ya darasa. Amreen alikuwa amesimama mstari wa mbele pembeni, mdogo kuliko wote, na hata yule mtoto wa Kifilipino aliyeruka darasa alimpita. Saa hiyohiyo ulijibu kwamba dawa ni maziwa. Ulisema mtoto huyu ana damu ya watu wa maziwa, baba yake ametoka milima ya Badakhshan, kule Tajikistan, ambako watu wanaishi na ng'ombe na kondoo mpaka ndani ya nyumba, na damu ya namna hiyo ikikosa maziwa inasinyaa. Ulisema sisi tunamlea kwa juisi za boksi kama mtoto asiye na kwao.

Nami nilikubali. Niliona umesema jambo la akili. Watu wenye mifugo yote ile, mashavu mekundu vile, watakosaje kunywa maziwa kama maji?

Basi ikaanza ile desturi yenu. Kila asubuhi, huku nje bado giza la baridi, nawe huko umeshakula chakula cha mchana, simu iliegemezwa kwenye birika na Amreen akakaa mbele yake na glasi. Uliangalia maziwa yakishuka. Ulimwambia aipindue glasi uone kama limebaki tone. Akimaliza alikuonyesha masharubu meupe, ukacheka, naye akacheka. Anakuelewa kila neno la Kiswahili ingawa anakujibu kwa Kiingereza, na ninyi wawili hamjawahi kuona shida yoyote katika hilo. Mimi nilisimama nyuma ya birika nikiona raha kwamba mtoto wa Kanada amepata bibi, Nani wa Tabora, kama anavyokuita.

Kabla ya Krismasi tumbo likaanza. Asubuhi baada ya asubuhi alikuwa anajikunja kwenye kochi, tumbo limejaa upepo, linanguruma mpaka sisi tunalisikia. Inara alidhani anakwepa shule. Wewe ulisema ni minyoo. Dawa ya minyoo ilipomaliza kazi yake na tumbo likabaki vilevile, ukasema maziwa yanapigana na uchafu, yakishinda atatulia. Nilimchemshia maji ya mbegu za ajwani. Katika shajara yangu ya Januari sentensi inayojirudia kuliko zote ni hii: "Tumbo la A. tena."

Sasa nifike tarehe 9 Februari, siku aliyotimiza miaka minane.

Unaijua tabia yangu. Mkwe akija kwangu, ninachemsha maziwa kwa zafarani, iliki na lozi, na ninampa katika ile glasi kubwa ya stili uliyonipa siku ya harusi yangu. Tangu Inara aolewe, mama yake Navroz, Bibi Nilofar, hajawahi kuingia kwangu akatoka bila kuimaliza glasi ile. Nilijiambia kwamba mtu wa milimani ukimpa chai ya rangi unamvunjia heshima. Yeye alikuwa akiipokea kwa mikono miwili, anainywa yote, kisha anaweka kiganja kifuani. Mimi nami nilikunywa yangu ili asinywe peke yake. Na sisi tukienda kwake Weston anatuletea bakuli la chai yao, iliyopikwa kwa maziwa, chumvi na siagi, nzito kama uji, nasi tunaimaliza na kuweka viganja vifuani.

Siku hiyo tulikata keki, tukanywa maziwa, mimi, Bibi Nilofar na Amreen, kila mmoja glasi yake. Haukupita muda mrefu.

Nyumba yetu ina choo kimoja, dada. Bibi Nilofar alikitangulia. Mimi nikasimama mlangoni nikijifanya ninapanga taulo, maana singeweza kwenda mbali. Alikawia. Nilishafika mahali pa kuegemea ukuta nikimwomba Mola wangu, mara Amreen akaja mbio na gauni lake jipya, amejikunja, akaugonga mlango kwa viganja vyote viwili. Mlango ukafunguka. Bibi Nilofar akatoka uso umempauka. Akamwona mtoto akimpita kama mshale. Akaniona mimi nilivyobana miguu. Akageuka kutazama mezani, kwenye glasi tatu tupu.

Mimi naye hatuna lugha. Kiingereza chake na changu vyote ni vya dukani, vya kuulizia bei na kushukuru. Lakini pale hatukuhitaji mkalimani. Aligusa tumbo lake, nami nikagusa langu. Kutoka chooni Amreen akatoa sauti ambayo sitaiandika. Bibi Nilofar akacheka mpaka akaketi kwenye zulia la korido, nami nikacheka, na katikati ya kicheko nikajikuta ninalia, kwa sababu yule wa ndani hakuwa anacheka.

Jioni Navroz akatukalisha akatutafsiria. Kwanza mama yake alizungumza peke yake kwa muda mrefu, huku Navroz akijifunika uso. Kisha Navroz akatupatia maneno yake: "Mama anasema, tangu harusi nimekunywa maziwa yako kwa heshima. Nilidhani ninyi watu wa Afrika ndivyo mnavyokaribishana, kwa mateso kidogo."

Nikamuuliza, na ile chai yake ya maziwa je? Akasema kwao chai ile inawekewa maziwa kidogo tu ya kuipaka rangi. Kwa ajili yetu alikuwa anamimina boksi zima, maana aliambiwa Wahindi wa Afrika chai bila maziwa hawaigusi.

Akatueleza mengine, na nakuomba uyasome haya polepole. Kwao maziwa yaliyotoka kiweleni ni ya ndama na ya mtoto mchanga. Yanayobaki hayanywewi hivihivi, yanagandishwa. Yanakuwa mtindi, siagi, jibini, na vidonge vyeupe kama chaki wanavyovianika kwenye paa mpaka viwe vigumu, mchungaji akaenda navyo mfukoni akavimumunya kutwa. Mtu mzima ukimpa glasi ya maziwa matupu atakuuliza amekukosea nini. Nikamuuliza kuhusu kimo. Akasema ana kaka wawili waliokula chungu kimoja. Mmoja anainama akipita mlangoni, na wa pili ungeweza kuegemeza kiwiko kichwani kwake. Marehemu mumewe alikuwa mrefu na hakupenda hata harufu ya maziwa.

"Kimo hakichemshwi kwenye sufuria," alisema. Hilo Navroz alilitafsiri mara mbili, kwa sababu nilitaka kuliandika vizuri.

Navroz mwenyewe nilimgeukia kwa ukali. Nilimuuliza, wewe ulijua ukanyamaza? Akasema alidhani damu yetu sisi ni tofauti na yao, huenda mtoto angeyamudu maziwa. Tena, akasema, mkwe ni nani hata aingilie glasi ya Nani wa Tabora? Na mimi mwenyewe nilikuwa sijaiingilia.

Nilikupigia siku iliyofuata nikakusimulia. Ulicheka sana habari ya choo, kisha ukasema kilichotuharibu ni keki. Asubuhi iliyofuata simu ikalia kama kawaida, na Inara akamimina nusu glasi, badala ya kukuambia hapana. Inara ana shahada na ofisi na anaongoza watu kumi na zaidi, lakini amekua akijua kwamba wewe ndiye uliyemlea mama yake, na kwako wewe hana ulimi. Nusu ikaendelea mpaka Aprili.

Tarehe 10 Aprili darasa lao lilikwenda makumbusho. Asubuhi ile ulisema mtoto anasafiri, ajazwe glasi nzima apate nguvu. Ilijazwa. Walipofika katikati ya barabara kuu, mahali ambapo basi haliwezi kusimama, tumbo la Amreen lilifunguka. Alikuwa amekaa kiti cha katikati, na watoto mbele na nyuma. Mwalimu, Mungu ambariki, alimfunika kwa koti lake mwenyewe na kukaa naye mpaka Inara alipokwenda kumchukua. Watoto wakampa jina. Sitaliandika kwenye barua inayokwenda Tabora.

Wiki nzima hakwenda shule. Nililala naye kitandani kwake, yeye ameugeukia ukuta. Nilidhani atalalamika habari ya basi au ya lile jina. Hakulalamika. Aliniomba nisikuambie wewe, kwa sababu utahuzunika. Akasema kesho nimpe tu glasi yake kama kawaida, atakunywa, kisha atakaa karibu na choo mpaka tumbo litulie, na Nani wa Tabora hatajua kitu.

Hapo ndipo nilipoinuka nikaizima simu, dada. Usimlaumu Inara, wala Navroz, wala Bibi Nilofar. Ni mimi.

Tulimpeleka kwa daktari wa watoto, mama mmoja mpole asiye na haraka. Walimnywesha maji yenye sukari ileile iliyo ndani ya maziwa, kisha wakampulizisha pumzi kwenye mfuko, akapumzika, akapuliza tena. Daktari akasema huu si ugonjwa. Tumbo la mtoto mchanga linajua kuivunja sukari hiyo, halafu kwa watu wengi duniani ujuzi huo unapungua wanavyokua. Akasema hata watu wa milima na nyika za kwao Navroz, waliofuga tangu kale, wengi wao wakishakua hawaimudu, na labda ndiyo maana walijifunza kuyagandisha. Kwa hiyo ile damu ya maziwa uliyoisema, dada, ni damu ya mtindi. Na hata mtindi, alisema, tuanze kidogo kidogo tumsikilize.

Kuhusu urefu, alituonyesha mstari wa Amreen tangu alipozaliwa. Ni mstari wa chini, lakini haujaanguka hata mara moja. Anatembea njia yake mwenyewe. Kitakachomwangusha, alisema, ni kuumwa kila asubuhi na kuogopa kula mchana, na kweli tulikuja kugundua kwamba chakula chake cha shule alikuwa anakirudisha bila kukigusa. Mifupa yake itapata mtindi, jibini ngumu, mboga za majani, na samaki wadogo wanaoliwa na miiba yao. Nikamwambia samaki hao nawajua kwa majina ya utotoni.

Nilidhani Inara akikueleza haya yote yatatosha. Wewe ukamjibu kwamba madaktari wa Ulaya wanabadilisha maneno kila mwaka (huku si Ulaya, lakini tuyaache), kisha ukamtuma aniambie hivi: "Mwambie Arzina amesahau nani alimpa kimo."

Neno hilo limenifikia. Hili ndilo jibu lake.

Sikusahau. Mama alipotutoka mimi nilikuwa na miaka mitano na wewe kumi na minne. Maziwa yalikuwa ya shida. Yule mzee wa baiskeli alituletea kidogo, ya Baba na ya kwako, na ya kwako ukanipa mimi. Ulitia asali, ukasimama mbele yangu jikoni, mikono kiunoni, mpaka niyamalize. Mimi nikarefuka, wewe ukabaki ulipokuwa. Tangu wakati huo hakuna harusi iliyopita bila wewe kunishika kiuno, kwa sababu begani hufiki, ukawaambia wageni: "Kimo changu amekivaa huyu." Watu wakacheka, nami nikacheka. Na kila picha niliyopigwa na wewe nimeinama. Zitazame zote. Nimepinda kama mtu anayetafuta sindano.

Sasa nikuambie neno ambalo sijamwambia mtu yeyote, hata marehemu mume wangu.

Unakumbuka nilivyokuwa nikikimbia uani kusuuza glasi kila jioni? Ulinisifu kwa majirani, ukasema mdogo wako ana usafi wa kuzaliwa. Dada, nilikuwa ninatapika. Nyuma ya bomba, pale palipoota mnanaa. Na siku nisipotapika yalitoka kwa njia nyingine kabla ya kulala. Maziwa yako hayakukaa ndani yangu. Niliyameza mbele yako kwa sababu nilijua umejinyima, na nilipendelea kuumwa mimi kuliko wewe ujue kwamba umejinyima kwa kitu kisichokaa.

Na bado nilirefuka. Itoe picha ya harusi ya Baba na Mama uiangalie vizuri, vaa ile miwani. Baba amesimama, Mama amekalishwa kitini. Ulifikiri ni mapambo? Walimkalisha ili asimzidi. Urefu huu ni wa Mama. Wewe una kimo cha Baba, na vidole vya Baba, na kichwa cha Baba cha kuendesha duka, ambacho mimi sikupata hata kipande. Kimo chako hakuna aliyekivaa. Unacho mwenyewe, kizima, tangu ulipozaliwa. Mimi nimechoka kuinama kwenye picha.

Kitu ulinipa, dada, na sitakikana mbele ya yeyote. Mama hakuwepo, na kila jioni palikuwa na mtu aliyesimama mbele yangu mpaka nimalize. Hicho ndicho kilichokaa.

Lakini ile adabu ya kumeza na kwenda kuumwa kimya, ili anayekupenda asihuzunike, mimi ninayo, Bibi Nilofar anayo, na Amreen alikuwa ameshaanza kuijifunza akiwa na miaka minane. Nimeikata hapa. Ukinuna, nuna. Ukiwaambia wale unaosali nao jamatkhana kwamba Arzina amepata kiburi cha Kanada, waambie, na uwasomee barua hii kwa sauti, pamoja na habari ya choo.

Njoo Julai. Chumba chako kiko tayari, na mto mgumu kama unavyoupenda. Unga wa maziwa uache hukohuko. Niletee dagaa wa Kigoma, wakavu, uwafunge vizuri wasije wakatufukuzisha uwanja wa ndege, na asali ya Tabora. Bibi Nilofar ameahidi kuleta vile vidonge vyake vyeupe, na ana hamu ya kumwona mwanamke ambaye sauti yake peke yake ilimnyamazisha mwanawe. Tutapiga picha wote. Mimi nitasimama wima. Wewe utakaa kitini, kama Mama.

Amreen amerudi shuleni. Lile jina bado wanamwita, ila wiki iliyopita alimjibu mmoja wao vizuri mpaka mwalimu akatuita, na nilikwenda nikiwa nimevaa nguo zangu nzuri. Sasa anakula mchana. Juzi aliniona ninaandika, akauliza ninamwandikia nani. Nilipomwambia, akaniomba niweke swali lake humu. Anauliza kama utampigia simu asubuhi hata kama hakuna glasi.

Swali ni lake, si langu. Asubuhi utakayopiga nitampa simu apokee mwenyewe, umjibu yeye.

Nisalimie watoto wa kaka na wote wa barabarani kwetu wanaoniulizia. Mola akulinde, akupunguzie goti na kukuachia ulimi wako ulivyo, maana bila huo Tabora itapooza.

Ni mimi mdogo wako, mrefu,

Arzina